Programu zinazojiwasha bila kuitwa zinakula umeme na mega zetu

Fika asubuhi kwenye sekretariati yoyote ya barabarani hapa Kolwezi, iwe upande wa Manika au wa Dilala, na utakuta watu wamesimama mbele ya kompyuta iliyowaka lakini haijaanza kazi. Mwanafunzi ameshika fleshi yenye kazi yake ya mwisho wa masomo. Baba mmoja anataka kuchapisha barua ya kuomba kazi kwenye kampuni ya madini. Mwenye kibanda anawaambia wasubiri kidogo, mashine inaamka. Kwenye skrini madirisha yanafunguka moja baada ya jingine: programu ya kupiga simu za video ambayo hakuna anayeitumia pale, tangazo la kinga ya virusi ambayo muda wake umekwisha, ombi la kuingia kwenye akaunti ya mtu aliyekuwa na mashine hiyo zamani, huko Ulaya. Hakuna hata mmoja pale kibandani aliyeyaita.

Jambo hili linaonekana dogo ukiliweka karibu na mengine yanayotusumbua katika jimbo la Lualaba: barabara, vumbi la migodi, bei ya unga. Lakini linamgusa kila siku mtu anayepata mkate wake kwa kompyuta, na dawa yake haihitaji bajeti ya serikali wala kikao cha bunge. Msimamo wetu ni huu: programu isiyoombwa haina haki ya kujiwasha kwenye mashine ya mtu. Kila mwenye kompyuta ajifunze kuizima mwenyewe. Na wanaotuuzia mashine, wanaotufundisha kuzitumia na wanaozitengeneza wabebe sehemu yao ya kazi hiyo.

Kinachotokea unapowasha mashine

Kompyuta ikiwashwa, kwanza inasimamisha mfumo wake mkuu, ambao kwa wengi wetu ni Windows. Mfumo ukiisha kusimama, unasoma orodha ya programu zilizoandikishwa kuanza zenyewe, kisha unazifungua zote karibu kwa wakati mmoja. Orodha hiyo haikuandikwa na mwenye mashine. Iliandikwa na programu zenyewe siku zilipowekwa, mara nyingi kwa alama ndogo iliyokwisha kutiwa tayari kwenye kisanduku ambacho watu hawakisomi, na mara nyingine bila swali lolote.

Ndiyo maana mtu anaweka programu ya printa ili achapishe ukurasa mmoja, na kuanzia siku hiyo programu hiyo inaamka naye kila asubuhi. Ndivyo ilivyo kwa Teams na OneDrive za Microsoft, kwa Spotify, kwa vivinjari vya intaneti, na kwa vijiprogramu vingi ambavyo kazi yake ni kwenda mtandaoni kuuliza kama kuna toleo jipya. Kila moja peke yake ni nyepesi. Zikikusanyika kumi au kumi na tano, zinagombania mlango mmoja.

Mlango huo ni kumbukumbu ya kazi ya mashine, ile ambayo mafundi wanaiita RAM, pamoja na diski. Microsoft yenyewe inaandika kwamba Windows 11 inahitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu hiyo. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, na mashine nyingi zinazouzwa hapa mkono wa pili hazivuki hapo. Mfumo ukiisha kuchukua sehemu yake, programu zisizoitwa zinamaliza iliyobaki. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski kama msaada, na kama diski hiyo ni ya zamani, ile inayozunguka ndani kama sahani, kila kitu kinatambaa. Mtu anabonyeza Word mara tatu akidhani haikusikia. Ilisikia mara zote tatu, na sasa ina kazi mara tatu.

Kolwezi inalipa zaidi

Mtu wa Paris au wa Toronto anaweza kupuuza jambo hili. Kompyuta yake haizimwi kwa wiki nzima, inalala tu na kuamka. Sisi tuna delestaji. Mji wetu unapokea umeme wa Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na ndipo unapofikia ule waya mrefu wa Inga, karibu kilomita 1,700, uliokamilishwa mwaka 1982 ili kuleta nguvu ya maji ya Congo ya chini hadi kwenye migodi ya Katanga. Hata hivyo migodi mikubwa inanunua umeme Zambia na kuwasha majenereta, na katika mitaa ya watu umeme unakuja na kuondoka. Kwa mashine isiyo na betri nzuri, kila kukatika ni kuzimika, na kila kurudi kwa umeme ni kuanza upya.

Tufanye hesabu, na kila mtu aweke namba zake mwenyewe. Tuseme kompyuta ya kibanda inachukua dakika 8 tangu kubonyeza kitufe hadi kuandika neno la kwanza, na inawashwa mara 4 kwa siku kwa sababu ya umeme. Hizo ni dakika 32 kwa siku. Kwa wiki ya siku 6 ni dakika 192, yaani saa 3 na dakika 12. Kwa wiki 4 inakaribia saa 13, zaidi ya siku moja na nusu ya kazi. Kama mashine hiyo hiyo ikisafishwa na kuanza kwa dakika 3, mwenye kibanda anarudishiwa saa 2 kila wiki. Hizo ni saa za wateja ambao leo wanachoka kungoja na kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Kama umeme haupo na anayefanya kazi ni jenereta, dakika hizo zina bei ya petroli. Na kama ni kompyuta ya kubeba inayotumia betri, programu zisizoitwa zinakunywa betri ile ile ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi alitegemea impeleke hadi mwisho wa ukurasa wake. Anaweka chaji usiku, umeme ukiwepo, na asubuhi sehemu yake inaliwa na kitu asichokijua jina.

Kuna pia kijana mwenye kampuni yake ndogo. Sheria ya mwaka 2017 juu ya sous-traitance inatenga kazi hizo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa Wakongomani, na vijana wengi wa Lualaba wameandikisha kampuni kwa matumaini ya kupata kipande cha kazi za migodi. Wito wa kazi unakuja kwa barua pepe, na majibu yanapaswa kurudi kabla ya saa fulani. Umeme ukirudi nusu saa kabla ya muda kufungwa, tofauti kati ya dakika 3 na dakika 8 za kuwaka, pamoja na mtandao uliobanwa na programu zinazopakua vitu vyake, inaweza kuwa tofauti kati ya faili iliyofika na faili iliyochelewa. Kampuni kubwa yenye ofisi, seva na fundi wake wa kudumu haijui shida hiyo.

Mkono unaoingia mfukoni bila hodi

Wakongomani wanalijua neno RAM kwa sababu nyingine pia. Tangu mwaka 2020 tulikatwa uniti kwenye simu zetu kwa ajili ya rejesta ya vyombo vya simu iliyoitwa kwa herufi hizo hizo. Mtu alitia krediti, na kabla hajapiga simu sehemu ilikuwa imekwenda. Watu walilalamikia pesa, na walilalamikia pia kwamba hawakuulizwa. Kelele zilifika bungeni, na mwaka 2022 tozo hilo likaondolewa.

Programu inayojiwasha na kuingia mtandaoni inafanya jambo la namna hiyo kwa njia ya kimya. Hapa kwetu wengi wanaunganisha kompyuta kwa simu: mtu ananunua mega kwa Vodacom, Airtel au Orange, anawasha mtandao wa simu yake na kuugawia kompyuta. Yeye anataka kutuma barua moja. Lakini kompyuta inaona mtandao na kufikiri iko kwenye nyumba ya Ulaya ambako intaneti haihesabiwi. OneDrive inaanza kupandisha picha. Kivinjari kinatafuta toleo jipya. Windows yenyewe inaanza kupakua faili zake. Barua ya kilobaiti chache inatoka ikiwa imefuatana na msafara wa mamia ya mega, na kampuni ya simu inatuma ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha.

Si kila programu ya namna hii ni uzembe tu wa mtengenezaji. Mwaka 2020 wachunguzi wa kampuni ya Upstream walitangaza kwamba simu aina ya Tecno W2, zilizouzwa kwa bei nafuu katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikuwa zimekutwa na programu mbaya ndani yake, Triada na xHelper. Programu hizo zilikuwa zikijaribu kuwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua, na kula krediti zao. xHelper ilijulikana kwa ukaidi wake: mtu anaifuta, simu ikizimwa na kuwashwa inarudi. Kampuni mama ya Tecno, Transsion, ilisema kosa liliingia kupitia msambazaji mmoja na kwamba marekebisho yalikuwa yametolewa. Somo kwetu linabaki: walioumia walikuwa watu wanaonunua simu za bei ya chini na kutia krediti kidogo kidogo.

Kwenye kompyuta mlango mkubwa wa wabaya umekuwa fleshi. Mwaka 2008 kirusi Conficker kilienea duniani kupitia mitandao, na baadaye kupitia fleshi pia, kikitumia ile tabia ya Windows ya zamani ya kufungua chenyewe kilichomo kwenye fleshi mara inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilifunga mlango huo kwenye matoleo ya zamani ya Windows. Lakini kila mwenye sekretariati anajua kirusi kinachoficha mafaili na kuacha vivuli vyake. Mtu anabonyeza kivuli, kirusi kinaingia kwenye mashine, na jambo la kwanza kinalofanya ni kujiandikisha kwenye orodha ya kujiwasha, ili kesho kiwe hai na kiruke kwenye fleshi ya mteja mwingine. Kwa hiyo kuitazama orodha hiyo ni kuokoa muda na pia ni kukagua mlango wa nyumba.

“Nunua mpya” si jibu

Kuna wanaosema tatizo ni mashine zenyewe: ni kuukuu, watu wanunue mpya. Tunawajibu mambo mawili. La kwanza, bei. Kompyuta mpya ni mshahara wa miezi mingi kwa mwalimu wa shule ya msingi. La pili, mashine mpya nazo zinakuja na mzigo wake. Watengenezaji wengi wanaziuza zikiwa tayari na kinga ya virusi ya majaribio, michezo na programu za matangazo, kwa sababu wanaozitengeneza programu hizo wanalipia kuwekwa humo. Mashine mpya yenye nguvu inauficha uzito huo kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Wengine wanasema kujiwasha kuna faida, na hapo wana haki. Kinga ya virusi inapaswa kuanza kabla ya mtu kufungua fleshi ya kwanza. Sauti, vitufe na kipanya cha kugusa vina vijiprogramu vyake. Anayehifadhi kazi zake OneDrive kwa hiari yake anahitaji programu hiyo iamke. Hatusemi kila kitu kizimwe. Tunasema mwenye mashine ndiye achague.

Tuongeze jambo moja kwa ukweli. Kusafisha orodha hakufanyi mashine ya zamani kuwa mpya, wala hakuchukui nafasi ya ulinzi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeendelea nayo bila kupata marekebisho ya usalama ana mashine nyepesi yenye mlango dhaifu, na asiifanyie mambo ya pesa.

Kazi ya dakika kumi

Kwa kuwa mashine nyingi hapa kwetu zinaongea Kifaransa, tutataja maneno kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwanza pima. Zima mashine, iwashe, na kwa saa ya simu yako hesabu dakika tangu kubonyeza kitufe hadi uweze kuandika. Andika namba hiyo mahali.

Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe Ctrl, Maj na Échap. Linafunguka dirisha la “Gestionnaire des tâches”. Likiwa dogo, bonyeza “Plus de détails”. Kwenye Windows 10 tafuta sehemu iliyoandikwa “Démarrage”, na kwenye Windows 11 “Applications de démarrage”. Hapo utaiona orodha tuliyoisema: jina la programu, aliyeitengeneza, kama imeruhusiwa au imezuiwa, na uzito wake wakati wa kuwaka. Zile zilizoandikwa “Élevé” ndizo nzito. Anza nazo.

Chagua programu usiyohitaji iamke na mashine, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha “Désactiver”. Umeizuia isijiwashe, hukuifuta. Siku ukiihitaji utaifungua mwenyewe kama kawaida. Ukikuta umekosea, rudi pale pale ubonyeze “Activer”. Hakuna kinachoharibika.

Kwa wenye mashine za zamani zaidi zenye Windows 7, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msconfig, fungua sehemu ya “Démarrage” na uondoe alama kwenye visanduku.

Programu nyingine ni kaidi: unaizuia leo, kesho imejirudisha yenyewe. Hiyo ifungue, ingia kwenye mipangilio yake, utafute mahali palipoandikwa kwamba ianze pamoja na Windows, uondoe alama. Na kama hujawahi kuitumia kabisa, iondoe moja kwa moja kupitia “Paramètres”, kisha “Applications”.

Kwa ajili ya mega, ingia “Paramètres”, “Réseau et Internet”, fungua mtandao wa simu unaoutumia, na uweke “Connexion limitée”. Hapo Windows inajua kwamba intaneti yako inahesabiwa, na inapunguza kupakua vitu bila kukuuliza. Lakini marekebisho ya usalama nayo yatangoja. Kwa hiyo walau mara moja kwa mwezi peleka mashine mahali penye mtandao mzuri, uache ijisasishe.

Mwisho, zima, washa, na upime tena. Kama namba haikushuka, tatizo liko kwingine, labda kwenye diski, na hapo mwite fundi.

Mambo ya kuchunga

Usizime kinga ya virusi, ambayo kwenye orodha inaonekana kwa jina kama “Sécurité Windows” au jina la kinga uliyoinunua. Majina kama Realtek, Synaptics au Intel kwa kawaida ni ya sauti, kipanya na skrini. Yaache kama hujui. Kwa jina lolote usilolijua, uliza kabla ya kugusa.

Jina lisilo na mtengenezaji, au lenye herufi zisizo na maana, ni la kushuku. Huenda ni programu halali iliyotengenezwa ovyo, na huenda ni kirusi. Kuizuia hakutoshi kama ni kirusi. Mashine ichunguzwe yote kwa kinga iliyosasishwa, na fleshi zake pia. Mafundi wenye ujuzi watumie Autoruns, programu ya bure ya Microsoft yenyewe, inayoonyesha pia sehemu zilizofichika ambazo “Gestionnaire des tâches” haizifikii.

Jihadharini pia na programu zinazotangaza kwamba zitaifanya kompyuta yako iruke kama ndege. Nyingi zinaanza kwa kujiandikisha zenyewe kwenye orodha ile ile. Hata zenye jina zuri zinaweza kuleta balaa: mwaka 2017 wahalifu waliingiza programu mbaya ndani ya toleo halali la CCleaner, ambayo watu wengi duniani wanaitumia kusafisha kompyuta, na watu zaidi ya milioni 2 walilipakua. Kazi tuliyoieleza hapa juu Windows inaifanya yenyewe, bure. Na zile programu za kuivunja Windows isiyolipiwa, ambazo mafundi wa barabarani wanazipitisha kwa fleshi, ni kumfungulia mgeni usiyemjua chumba cha kulala.

Kila mmoja na sehemu yake

Tunaanza na wauzaji wa mashine za mkono wa pili. Kompyuta inayotoka Ulaya au Dubai ikiwa na akaunti na programu za mwenyewe wa zamani haijawa tayari kuuzwa. Muuza nguo za mtumba anazikunjua na kuzipiga pasi. Muuza kompyuta naye aifute mashine, aweke mfumo upya, aizime orodha ya kujiwasha, na amwonyeshe mnunuzi mbele ya macho yake inavyowaka kwa dakika ngapi. Mnunuzi naye adai hivyo kabla ya kutoa dola zake. Atakayekuwa wa kwanza kuuza kwa namna hiyo atapata wateja.

Shule na vyuo vyetu vinafundisha Word na Excel. Somo la kwanza la kompyuta liwe kuijua mashine yenyewe: nini kinawaka, kwa nini, na kinazimwaje. Mwanafunzi anayetoka chuoni akiwa na diploma na hajui kuifungua “Gestionnaire des tâches” amefundishwa kuendesha gari bila kuonyeshwa mahali pa kutia mafuta.

Ofisi za jimbo na za mji, na kampuni zinazotoa zabuni, zina kompyuta ambazo raia wanazisubiri upande wa pili wa meza. Mkuu wa ofisi ampe mtu mmoja asubuhi moja kuzisafisha zote. Hakuna fedha ya kuomba Kinshasa kwa hilo.

Kampuni za simu zinazouza mega ziwafundishe wateja kuweka “Connexion limitée” kama zinavyowatumia ujumbe wa matangazo kila asubuhi. Tunaelewa kwamba mega zinazoisha haraka ni faida kwao. Lakini mteja anayeona kifurushi kinayeyuka bila kujua sababu anaanza kuamini kwamba ameibiwa, na anawataja wao.

Na wabunge wetu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Code du numérique, ordonansi-sheria nambari 23/010, inayoweka ridhaa ya mtu kuwa msingi wa kutumia habari zake. Ridhaa hiyo ifike pia kwenye mashine anayoinunua kwa jasho lake. Ulaya imeonyesha kwamba watengenezaji wakubwa wanasikia wanapolazimishwa: mwaka 2024, kwa sababu ya sheria ya Ulaya juu ya masoko ya dijitali, Microsoft iliwaruhusu watu wa huko kukiondoa kabisa kivinjari cha Edge kwenye Windows. Ni Windows hiyo hiyo inayotumika Kolwezi, lakini mtu wa Kolwezi hakupewa ruhusa hiyo, kwa kuwa hakuna sheria ya kwetu iliyoidai. Nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, madini yanayoingia kwenye betri za kompyuta hizo, ina sauti ya kutosha kudai kwamba wananchi wake waulizwe kwanza kabla ya betri hizo kutumiwa na programu wasizozitaka.

Sheria itachelewa. Orodha ya kujiwasha inaweza kufunguliwa leo. Ukiisha kusafisha mashine yako, fungua na ya jirani, ya parokia, ya shule ya watoto, na umwonyeshe mwenyewe njia ili mara nyingine asikuite. Andika ukutani dakika za zamani na dakika za sasa, watu wazione. Dakika hizo zilikuwa zetu tangu mwanzo, na petroli iliyoziwasha tuliilipia sisi.